Kilima cha Birikau na Majina Yake

Msafiri wa zama za tanga, akitoka Kismayo kwa upepo wa kaskazi na kushika njia ya Lamu, alikuwa na bara mkono wa kulia na visiwa mkono wa kushoto. Visiwa hivyo vimejipanga sambamba na pwani kama shanga katika uzi: Fuma, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, na vingine vingi vidogo visivyokaliwa na watu. Ni mgongo wa matumbawe ya kale uliochomoza juu ya maji, na kati yake na bara pana maji ya kina kifupi, ambamo chombo kidogo hupita salama hata bahari kuu inapochafuka. Mwendo wa karibu kilomita 120 kutoka Kismayo, ukingo wa bara hukatika. Hori la bahari huingia ndani kati ya mikoko, na hapo mlangoni mwa hori pana kilima.

Kilima hicho si kirefu. Wasomali hukiita Buur Gaabo. Neno buur kwao ni kilima au mlima, na sehemu ya pili ya jina yaelekea kuwa na uhusiano na neno lao la ufupi. Wabajuni wa visiwani na watu wa Lamu husema Birikau. Katika ramani za Waingereza bandari yake iliandikwa Port Durnford, na Waitaliano nao walipolirithi eneo hilo wakaandika Bur Gao. Hivyo kilima kimoja kimepewa majina kadhaa, na kila jina lina habari ya watu waliolitumia.

Katika nchi tambarare, kilima kifupi chatosha. Pwani hii ni ya vichaka, michanga na miamba ya chini. Aliyesimama juu ya Birikau aliona tanga likiwa bado mbali baharini, akaona pia mtu ajaye kutoka bara kabla hajafika. Chini yake palikuwa na bandari iliyofunikwa na upepo, nayo ni nadra katika pwani ndefu iliyo wazi kati ya Kismayo na Lamu. Basi si ajabu kwamba watu wa kale walijenga hapo kwa mawe, wakazika wafu wao hapo, na kuacha mabaki ambayo yamewavuta wageni wengi baadaye.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza habari za kilima hicho na mabaki yake, na kuonyesha jambo moja ambalo twaona linatuhusu sana sisi walimu wa Kiswahili. Wageni waliokipanda na kukiandika, wengi wao walikwenda kutafuta watu wengine, si wale waliozikwa pale. Mmoja alitafuta Wayunani na Warumi, mwingine alitafuta chimbuko la makabila ya mbali. Wenyeji walisimama kando wakitazama.

Hatumwalika msomaji aende huko leo. Tangu mwaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka, pwani hiyo imepita katika vita baada ya vita, na si mahali pa matembezi. Tutakipanda kilima kwa maandishi ya waliotutangulia, na kila tufikapo kituo tutauliza: huyu aliona nini, na ni nini kilichokuwa mbele ya macho yake asikione?

Waliotafuta mji wa Nikon

Kipo kitabu kidogo cha Kiyunani kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea. Ni mwongozo wa wafanyabiashara waliosafiri kutoka Misri kwenda Bara Hindi na pwani ya Afrika ya Mashariki, ambayo mwandishi aliiita Azania. Baada ya kutaja fuko ndefu za michanga, anaeleza vituo vya Azania vilivyotengana kwa safari ya siku moja moja. Cha kwanza anakiita Sarapion na cha pili Nikon. Kisha vinafuata mito na bandari kadhaa hadi visiwa anavyoviita Pyralaoi, na mbele zaidi soko la mwisho la Rhapta, ambako vyombo vya baharini vilishonwa kwa kamba.

Wataalamu wengi wa Ulaya wamejaribu kuyapachika majina hayo katika ramani ya leo, na baadhi yao waliiweka Nikon hapa Birikau. Hoja yao ya kwanza ilikuwa bandari, maana mahali pa kutia nanga palipo pazuri ni pachache. Hoja ya pili ilikuja baadaye, nayo ilikuwa fedha.

Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ofisa mmoja Mwingereza, Kapteni C. W. Haywood, alifika Birikau, akayaona magofu, na kwa maelezo yake mwenyewe akapata hapo sarafu za kale. Sarafu hizo zilikaa miaka mingi bila ya kuchunguzwa, hata Harold Mattingly, mtaalamu wa sarafu wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, alipoandika habari zake mwaka 1932. Humo mlikuwa na sarafu za wafalme wa nasaba ya Ptolemaio waliotawala Misri kabla ya Warumi. Zilikuwamo pia za makaisari wa Rumi, wakiwamo Nero, Trajan na Hadrian, na nyingine za karne ya nne. Wapenzi wa Periplus walifurahi, kwani walidhani sasa Nikon imepatikana.

Lakini katika mfuko uo huo mlikuwa na sarafu za Mamaluki wa Misri, na hata za Waturuki wa Uthmaniya. Hapa yafaa tutulie kidogo, maana pana somo ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kulifahamu. Akiba ya fedha huhesabiwa umri kwa sarafu yake iliyo mpya kuliko zote. Mtu aweza leo kuwa na senti ya enzi ya Mjerumani katika kibweta chake, lakini wa mwaka 1900 hawezi kuwa na shilingi ya leo. Waturuki waliiteka Misri mwaka 1517. Kwa hiyo, ikiwa sarafu zote ziliwekwa pamoja, basi mkono uliozikusanya ulikuwa wa mtu aliyeishi baada ya mwaka huo. Kati ya Ptolemaio na Waturuki pana miaka zaidi ya 1,500, na hakuna mfanyabiashara wa Kirumi aliyeishi muda huo wote.

Ni nani basi aliyezileta? Njia ni nyingi. Misri na pwani hii zilikuwa na biashara ya muda mrefu kupitia Bahari ya Shamu, na fedha ya shaba iliyochakaa huweza kusafiri kama chuma chakavu. Yafaa kukumbuka pia kwamba mwaka 1875 Khedive Ismail wa Misri alituma jeshi la manowari chini ya McKillop Pasha, likaziteka Barawa na Kismayo zilizokuwa chini ya Sayyid Barghash wa Unguja. Jeshi hilo likaondoka baada ya miezi michache kwa shindikizo la Waingereza. Hatusemi kwamba askari hao ndio walioziangusha sarafu Birikau. Twasema tu kwamba kati ya Misri na pwani hii watu walipita mara nyingi na kwa sababu nyingi, na sarafu peke yake haitoshi kuujenga mji.

Mwaka 1969 Neville Chittick, aliyekuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Waingereza ya Historia na Akiolojia katika Afrika ya Mashariki, alichapisha taarifa ya uchunguzi wake wa pwani ya kusini ya Somalia. Aliyatazama magofu ya Birikau kwa jicho la mtu aliyekwisha chimba Kilwa na Manda. Hakukuta hapo mji wa zama za Warumi. Alichokiona ni mabaki ya zama za Kiislamu, ya jamaa moja na magofu ya Lamu na Pate.

Waliotafuta Shungwaya

Kundi la pili la wageni lilipanda kilima likiwa na swali lingine. Wamijikenda wa Kenya, wale wa makaya tisa, husimulia kwamba wazee wao walitoka Shungwaya, nchi iliyokuwa kaskazini, wakashuka kusini kwa kufukuzwa na Waoromo. Wapokomo, Wasegeju na Wabajuni nao wana masimulizi yanayoitaja nchi hiyo. Jina la Shungwaya limo pia katika Kitabu cha Zanj, maandishi ya Kiarabu ya pwani ambayo Mwitaliano Enrico Cerulli aliyachapisha mwaka 1957.

Shungwaya ilikuwa wapi hasa? Baadhi ya waandishi walijibu kwamba ni hapa Birikau. Kilima kina magofu, kina bandari, nacho kimo katika nchi ile ile inayosimuliwa, kati ya Mto Juba na Mto Tana. Kwa hiyo kuta zilizobaki zikapewa jina la mji mkuu wa hadithi.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, nao haukuhusu mawe peke yake. Mwaka 1972 R. F. Morton alidai kwamba habari ya Wamijikenda kutoka Shungwaya iliingia katika masimulizi yao mwishoni mwa karne ya 19, kwa sababu waandishi wa kabla ya hapo hawakuisikia. Mwaka 1976 Chittick naye aliutilia shaka ushahidi wa Kitabu cha Zanj. Thomas Spear, aliyekaa na wazee wa makaya, alijibu mwaka 1978 kwa kuyatetea masimulizi. Kisha wakaja wanaisimu. Derek Nurse, aliyechunguza lahaja za kaskazini kwa miaka mingi, alionyesha kwamba Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro ni lugha za tumbo moja. Kundi hilo huitwa Sabaki, kwa jina la mto unaoingia baharini karibu na Malindi. Yeye na Spear waliandika pamoja mwaka 1985, na yeye na Thomas Hinnebusch walikamilisha kazi kubwa ya historia ya lugha hizo mwaka 1993. Mwaka huo huo kilitoka kitabu cha James de Vere Allen, aliyekwisha fariki, ambacho kiliifanya Shungwaya kuwa msingi wa historia ya Waswahili wote.

Tukiyapima haya yote, twaona kwamba nguvu ya Shungwaya haiko katika ukuta mmoja. Jina hilo huenda lilikuwa la nchi pana kabla ya kuwa la mji, na ushahidi wake bora ni lugha. Watu wanaosema lugha za tumbo moja kutoka Komoro hadi mlangoni mwa Juba lazima walikuwa na mahali pa kukaa pamoja zamani. Lakini kwa kukishikilia kilima kuwa ni lazima kiwe Shungwaya, watafutaji wa pili walifanya kosa la watafutaji wa kwanza. Waliyatazama makaburi ya Birikau na kuuliza habari za watu walioondoka, wakawasahau waliobaki.

Mawe yenyewe yasemavyo

Sasa tuyaache majina makubwa tuyatazame mawe. Mabaki ya Birikau ni kuta za mawe na makaburi. Hayako peke yake. Magofu ya namna hiyo yametapakaa katika visiwa vya Wabajuni na pwani inayovielekea: misikiti iliyobomoka, visima, na makaburi, yakiwamo yale yenye nguzo ya mawe iliyosimama kichwani au ukutani mwa kaburi. Mfululizo huo huendelea kusini kupita Ras Kiamboni na mpaka wa Kenya, hata Ishakani karibu na Kiunga, kwenye makaburi yaliyopambwa kwa nakshi. Kisha huteremka Malindi, Gedi na Mnarani, na kufika Kaole karibu na Bagamoyo. Kaburi moja la Gedi lina tarehe iliyochorwa katika lipu yake, mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399.

Ujenzi wake ni ule ule wa pwani yote. Jiwe gumu la mwamba hukatwa kwa ajili ya ukuta. Tumbawe laini hutolewa baharini likiwa bado bichi na kuchongwa kwa ajili ya miimo, matao na nakshi. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo juu ya tanuri la magogo, na mikoko ya hori haikuwa mbali. Bakuli za kaure kutoka Uchina na Uajemi zilipachikwa makaburini kuwa pambo, na vishimo vyake huonekana hata pale ambapo bakuli zenyewe zimeng'olewa. Katika pwani hii kibla ni kaskazini, kikielekea magharibi kidogo tu. Kwa hiyo mtu apataye msingi wa jengo wenye kijisehemu cha mviringo katika ukuta wa kaskazini hahitaji kuambiwa kwamba pale watu walisali.

Mambo haya hayana utukufu wa makaisari, lakini yanasema wazi. Waliokaa Birikau walikuwa Waislamu wa pwani, mafundi wa chokaa, watu wa biashara ya bahari, ndugu wa wale waliojenga Pate na Lamu. Maisha yao yalikuwa ya pande mbili. Visiwani maji matamu ni haba na udongo ni kidogo, ndiyo maana watu walivuka kwenda bara kulima mtama, na kurudi kisiwani palipokuwa na hatari. Kilima kilicho bara, chenye bandari chini yake na visiwa mbele yake, kilikuwa kiungo cha maisha hayo. Katika karne ya 16 na ya 17 Waoromo walipoenea katika nchi hiyo, na baadaye Wasomali walipovuka Juba katika karne ya 19, miji ya bara ilififia na watu wakazidi kutegemea visiwa. Magofu ya Birikau ni alama ya kurudi nyuma huko.

Tena tusidhani kwamba mambo yalikuwa ni vita tu. Wabajuni wenyewe, ambao Waamu huwaita pia Watikuu au Wagunya, huhesabu koo kumi na nane, na baadhi ya koo hizo hujinasibisha na Wasomali wa Garre. Damu ilichanganyika pamoja na maneno. Ndiyo maana kilima kina jina la Kisomali lililopita katika midomo ya Wabajuni na kubadilika, kama vile mji mkuu wa pwani hiyo una jina la Kibajuni lililopita katika midomo ya Wasomali. Wengi husema kwamba Kismayo ni kisima na iu, yaani kisima cha juu, kwa kuwa Kibajuni husema iu pale sisi tusemapo juu.

Wenyewe wako wapi?

Hapa ndipo habari ya kilima inapoacha kuwa ya magofu. Waandishi walioyatazama mawe ya Birikau walikuwa na watu mbele yao. Katika miaka ya 1925 na 1926 ofisa J. A. G. Elliott alichapisha habari za ziara yake katika visiwa hivyo. Mwitaliano Vinigi Grottanelli alikwenda mwanzoni mwa miaka ya 1950 na mwaka 1955 akatoa kitabu kinene juu ya wavuvi hao. Humo imeelezwa kazi yao ya kushangaza ya kuvua kasa kwa samaki wa chazo, yule ajishikizaye kwa kichwa chake. Mvuvi humfunga kamba mkiani, humwachia aende ajigandishe katika gamba la kasa, kisha huvuta taratibu. Watu wenye elimu kama hiyo hawakuhitaji kuazimwa mababu wa Kiyunani ili wastahili kuandikwa.

Lakini dunia haikuwatendea hivyo. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na mpaka mpya ukawakata Wabajuni vipande viwili: wa Kismayo, Koyama, Chovai na Chula upande mmoja, wa Kiunga, Kiwayu na Faza upande wa pili. Jahazi iliyokuwa ikienda kwa shangazi sasa ilivuka dola. Baada ya uhuru, vita vya mashifta vya miaka ya 1963 hadi 1967 viliviacha vijiji vingi vya Wabajuni wa bara la Kenya bila watu. Upande wa Somalia, Kisomali kilipoandikwa rasmi kwa hati za Kilatini mwaka 1972 na kuwa lugha ya shule, jambo jema kwa taifa hilo, Kibajuni kilibaki lugha ya nyumbani na ya chomboni tu.

Mwaka 1991 ulileta balaa lililo kubwa kuliko yote. Katika vita vya koo, mtu asiye na ukoo wenye bunduki hakuwa na mlinzi. Wabajuni waliporwa vyombo na nyavu, wakauawa, wakakimbia kwa majahazi mpaka pwani ya Kenya, wakakaa makambini Mombasa kwa miaka. Wengine walirudi visiwani baadaye, wengine walitawanyika hadi Ulaya.

Na huko Ulaya likatokea jambo ambalo kila mwalimu wa lugha yampasa alijue. Katika miaka ya 2000 waombaji hifadhi waliojitambulisha kuwa Wabajuni wa Somalia walihojiwa na maofisa wa Uingereza. Mara nyingi hawakuwa na karatasi yoyote, kwa hiyo walipimwa kwa mambo mawili: lugha yao, na wanavyovijua visiwa vyao. Sauti zao zilirekodiwa na kupelekwa kwa wachambuzi ili waseme kama huyu ni wa Somalia au ni wa Kenya. Waliulizwa visiwa vimefuatanaje na nini kiko wapi. Mtu aliyezaliwa kisiwani lakini akakulia kambini Mombasa, akazoea kusema kama wenziwe wa Mombasa, aliweza kuambiwa kwamba hasemi kweli. Kazi ya Nurse ya kukusanya msamiati na habari za Wabajuni, iliyoanza kwa ajili ya elimu, ikawa ikisomwa na mawakili na mahakimu.

Tazama basi mambo yalivyogeuka. Kwa karne nzima wageni walikwenda Birikau wakatafuta majina ya watu wengine. Kisha mwenyeji alipobisha hodi katika nchi ya wageni, akatakiwa athibitishe kwa majina ya kwao kwamba yeye ni yeye. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika habari hii mgeni alikuja, akachukua alichokitaka, na mwenyeji hakupona.

Kazi iliyo mbele yetu

Twaweza kuuliza, mwalimu wa Kiswahili wa Mombasa, Tanga au Unguja ataweza kufanya nini juu ya kilima asichoweza kukipanda? Twaona yapo mambo matatu.

La kwanza ni kufundisha kwa magofu tuliyo nayo karibu. Mwalimu wa Kilifi aweza kuwapeleka wanafunzi Mnarani, juu ya jabali la ng'ambo ya kusini ya hori. Hapo pana misikiti na kaburi la nguzo ambavyo James Kirkman alivichimba katika miaka ya 1950. Kutoka hapo juu hori lote huonekana mpaka baharini. Wakiwa pale, asianze kwa tarehe. Awaulize: kwa nini watu walichagua mahali hapa? Walipata wapi maji? Waliona nini kutoka hapa? Mtoto aliyejibu maswali hayo Mnarani amekwisha kuifahamu Birikau kwa nusu.

La pili ni kuandika majina. Kila kisiwa, kila mlango wa maji, kila kisima, mwamba na jamii ya samaki katika pwani ya Wabajuni una jina, na majina hayo yamo katika vichwa vya wazee ambao wengi wao sasa wanaishi Mombasa, Lamu na miji ya mbali. Mawe ya Birikau yanaweza kungoja amani irudi, lakini mzee hawezi kungoja. Kila mwanafunzi mwenye bibi au babu wa Kibajuni na apewe daftari aandike. Majina hayo yakikusanywa kwa utaratibu yatakuwa ushahidi wa historia, na kwa wengine, kama tulivyoona, yaweza kuwa ushahidi wa uhai wao.

La tatu ni dogo, lakini hutokea kila siku darasani. Mtoto wa Kibajuni akisema moya badala ya moja, au iu badala ya juu, mwalimu asikimbilie wino mwekundu. Kiswahili sanifu lazima afundishwe, na katika mtihani akitumie. Lakini aambiwe pia kwamba neno lake si kosa. Ni neno la wazee wake, lina sheria zake, na ndilo lililoupa mji wa Kismayo jina. Sisi tuliokuwa tukiyakata maneno hayo kwa kalamu tulifanya, bila kujua, kazi ile ile ya wageni waliopita kando ya makaburi ya Birikau: tulimtazama mwenyeji tukatafuta mtu mwingine.

Huenda siku moja mchimbaji akapata chini ya kilima kile kitu cha zama za Periplus, na huenda asipate. Akipata tutafurahi, maana historia ya kweli haina hasara. Lakini thamani ya Birikau haingoji jibu hilo. Ni mahali ambapo watu wa pwani walijenga, walisali, walilima, walitazama bahari na kuzikana. Jamaa zao wangali hai, wengine wamo katika madarasa yetu. Tuanze kwao.